Nilipoanguka Darajani, Herufi Zikanikimbia

Ukipapasa kichwa changu upande wa kushoto, juu ya sikio, kidole chako kitaingia kwenye bonde. Mimi huwaambia watu kwamba Bonde la Ufa lenyewe ni mtoto wake, na kwamba mvua ikizidi wale ndege wekundu wa ziwani huja kutua humo kutafuta chakula. Watoto huamini. Watu wazima hucheka, halafu hutazama pembeni, maana bonde kweli lipo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeanguka kazini akaumia kichwa, akafungwa bendeji, akaambiwa "pole, utapona" na kila anayepita, na wakishapita wote akabaki yeye na kichwa chake. Ndugu yangu, mimi si daktari. Shule yangu ilikuwa ya usiku, baada ya kazi, miaka minne, na nilipomaliza nilipewa cheti nikakitundika juu sana ukutani, hata mgeni akitaka kukisoma sharti shingo imuume. Mambo ya ubongo siyajui. Lakini benchi la wagonjwa wa nje la Nakuru najua lina misumari mingapi, na najua ni upi unaochoma.

Nilikuwa nafanya kazi katika kinu kimoja cha ngano karibu na reli. Malori yalishuka kutoka Mau Narok na Dundori, ngano ikamwagwa katika mapipa ya mbao, mapipa marefu kama nyumba tatu zilizobebana mgongoni. Juu ya mapipa ilipita njia ya mbao, upana wake mbao mbili tu, na kamba ya kushikia upande mmoja. Sisi tuliiita Daraja. Nyayo za watu na miaka ya vumbi la unga zilikuwa zimezisugua zile mbao mpaka zikang'aa kama meza ya askofu.

Kulikuwa na sheria moja pale ambayo haikuandikwa popote. Kabla hujapanda, unavua viatu unaviacha chini ya ngazi. Asubuhi ungeviona vimejipanga, ndara za mpira wa gari, buti zilizotoboka, kama watu waliokwenda kusali. Punje moja ya ngano chini ya mguu mtupu utaisikia. Punje hiyo hiyo chini ya soli ya ngozi ni gurudumu. Vibarua walijua hivyo, nami nilijua, kwa kuwa nilikuwa kibarua miaka sita na nilipanda Daraja hilo miguu mitupu kwa wepesi kuliko nyani anavyopanda mti.

Halafu nikapata cheti, na mwezi haujaisha nikafanywa karani wa mapipa. Kazi yenyewe ilikuwa kupita juu na chaki, kuandika kwenye kibao cha kila pipa ngano hii imetoka wapi na imeingia lini. Nikaenda madukani nikanunua viatu vyeusi vya ngozi, vyenye kamba, vinavyolia kwiu kwiu mtu akitembea. Nilikuwa nasikika kutoka stesheni.

Siku ya kwanza ya ukarani wangu, msimu wa mavuno, Mzee Kiprono alikuwa amesimama chini ya ngazi. Huyu ndiye alikuwa nyapara wa vibarua, mtu wa milimani, mrefu, wa maneno machache. Kusoma hakujua hata herufi moja. Akatazama miguu yangu.

"Karani. Viatu."

"Mzee, karani wa miguu mitupu umeona wapi?"

"Daraja haisomi cheti."

Vibarua wakacheka. Nikaona nikivua sasa, nimekuwa kibarua tena mbele yao wote. Nikasema, "Basi leo itajifunza," nikapanda.

Nilifika pipa la tatu. Naapa nilianguka muda mrefu wa kutosha kusema Baba Yetu yote pamoja na Amina, na kuanza tangazo la sadaka. Chini kulikuwa na rundo la magunia matupu, laini kama godoro la bwana harusi, nami nikalikosa kwa upana wa mkono. Sakafu ilikuwa ya simiti. Waliniambia baadaye kwamba kiatu kimoja kilibaki juu, kimekaa vizuri Darajani, kikitazama chini.

Nilipozinduka nilikuwa wodini na siku nne zilikuwa zimepita bila mimi. Wamenyoa nywele zote. Kichwa kimefungwa mpaka kimekuwa kikubwa kama kibuyu cha pombe ya harusi. Mwanga wa dirisha ulinichoma, kwa hiyo waliniwekea blanketi dirishani, na kwa wiki mbili nilikaa katika kigiza hicho nimelala chali, nimekatazwa hata kuinua shingo. Sikio la kushoto lilikuwa na treni ndani yake ambayo haifiki. Mguu wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine.

Jambo la kwanza nililogundua kwamba limepotea lilikuwa harufu. Walileta uji, nikasema huu ni maji ya moto. Walileta mchuzi wa nyama, maji ya moto. Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyefunga vidonda, alininusisha dawa ambayo wenzangu walikohoa chumba kizima, mimi nikauliza, "Umefungua chupa?" Harufu haijarudi mpaka leo. Nikikaribia kinu naona vumbi la unga linatoka, najua hewa hiyo inanukia mkate, na ni kama kumwona rafiki ng'ambo ya barabara asiyekujua tena. Nakuambia hili mapema ili likikupata usifikiri umerogwa.

Jambo la pili nililigundua Jumapili ya kwanza niliyoruhusiwa kukaa. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza hasa.

Lazima nikueleze juu ya mke wangu. Rasoa alikuwa nyumbani, kwenye vilima vya Maragoli, pamoja na binti yetu Dina, analima. Barua zake zote aliandikiwa na mwalimu wa kanisa. Likizo yangu ya mwisho nilimfundisha herufi. Tulianua mtama, tukausaga, tukamwaga unga kidogo juu ya ungo, naye akaandika kwa kidole, tukatikisa, akaandika tena. Alikuwa ananiita "Mwalimu" kwa kunicheka, lakini alijifunza haraka kuliko darasa letu zima la usiku, pamoja na mimi. Siku nilipoondoka nilimwambia, "Barua ya kwanza utakayoandika kwa mkono wako mwenyewe, nitaijibu siku hiyo hiyo. Hata kama ni kuandika njiani." Akasema, "Siku hiyo hiyo?" Nikasema, "Jua halitazama."

Jumapili hiyo Mzee Kiprono alikuja saa ya wageni. Alitoa bahasha kwenye koti. "Ya kwako, karani. Imefika kinuni."

Nikaitazama. Mwandiko wa mwalimu wa kanisa ulilala upande mmoja kama nyasi kwenye upepo. Huu ulikuwa umesimama wima, kila herufi peke yake, kama nguzo za ua zilizochimbiwa na mtu mwenye bidii. Ulikuwa mkono wa Rasoa. Nikafungua. Nikakunjua.

Siafu. Sijui namna nyingine ya kueleza. Karatasi ilikuwa njia ya siafu, wanakwenda, wanapandana, wanajigeuza, na nikimkazia macho mmoja anakimbilia kwa wenzake. Nikafumba macho, nikafumbua. Siafu. Nikaitazama kadi iliyotundikwa kitandani kwangu, ambayo najua imeandikwa jina langu, Hezroni. Siafu pia.

Mzee Kiprono akauliza, "Nyumbani wazima?"

"Wazima kabisa!" nikasema, nikaikunja. "Ng'ombe amezaa. Mapacha."

Hilo la mapacha sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu.

Utaniuliza, kwa nini hukumpa mtu akusomee? Hapa inanibidi nikiri jambo. Katika landhi zetu, yaani vile vyumba vya safu ambavyo kampuni iliwapa wafanyakazi, msomaji wa barua nilikuwa mimi. Jumamosi mchana watu walipanga foleni mlangoni pangu ndefu kuliko foleni ya maji. Na mimi sikuwa msomaji mkavu. Barua ikisema "mama anakusalimu," mimi nilisoma, "mama anakusalimu mara mia, na kila jioni anatazama barabara." Ikisema "tuma sukari," nilisoma, "mtoto wetu mpendwa, uliye nguzo ya boma hili, ukipata nafasi, sukari." Watu walitoka kwangu wamevimba vifua. Nilifikiri ni sadaka. Lakini sasa, na barua ya Rasoa mkononi, nilijua wasomaji wanavyofanya. Maneno ya kwanza ya mke wangu, yanipitie kinywani mwa mtu mwingine na sukari yake? Na aone karani mwenye cheti anasomewa? Heri siafu.

Nikaiweka chini ya mto. Jua likazama.

Kitanda cha jirani alilala Mzee Okelo, mpishi mstaafu wa reli, aliyevunjika nyonga. Yeye alikuwa na wageni kama wa harusi: mabinti, wakwe, kwaya. Kwangu Mzee Kiprono alikuja Jumapili moja moja, maana alikuwa na kazi na njia ni ndefu. Saa ya wageni ikigonga nilikuwa natoa barua ile, naishika mbele ya uso, nasogeza macho kushoto kulia kama msomaji, ili nisionekane mtu asiye na mgeni. Mzee Okelo angesema, "Leo mama watoto anasema nini?" Nami ningemsomea. Shamba limetoa mahindi makubwa hata yanabebwa na watu wawili. Dina amekuwa wa kwanza shuleni. Ng'ombe amezaa tena.

"Hezroni," akasema siku moja, "hii ng'ombe yenu imezaa mara tatu tangu mimi nilale hapa. Na mimi sijalala hapa miaka mitatu. Ni ng'ombe ama ni sungura?"

Nikacheka mpaka bendeji ikauma, halafu nikajikuta nalia. Hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa, ndugu: kichwa kilichopigwa kinachanganya mabomba, ukifungua kicheko yanatoka machozi. Mzee Okelo alinisukumia chungwa lililobaki la wageni wake, nikalila, lilikuwa maji ya moto baridi. Ulimi uliniambia ni tamu. Wiki iliyofuata walimpa magongo akaenda zake, na kitanda chake kikakaa kitupu na shuka imenyooshwa kabisa.

Kabla vumbi la Februari halijaisha, alipita mtu wa kwetu anayekwenda nyumbani likizo. Alisimama mlangoni mwa wodi, akaogopa kuingia. "Niwaambie nini nyumbani?"

Ungekuwa wewe ungesema kweli. Mimi nikajivuta, nikajipiga tumbo. "Waambie nilijikwaa kidogo tu. Waambie nimenona mpaka kitanda kinalia! Waambie hapa nakula kuku Jumatano na Jumapili!"

Akaenda akawaambia. Neno kwa neno, yule hakuongeza wala kupunguza. Basi nyumbani wakajua Hezroni mzima, amenona, anakula kuku, na hajajibu barua.

Ya pili ilikuja baada ya wiki tatu hivi. Mwandiko ule ule wa nguzo, lakini mkubwa zaidi, mistari michache. Nikaiweka na mwenzake. Nilijaribu, usifikiri sikujaribu. Nilijaribu asubuhi kabla ya kichwa kuanza kugonga, nilijaribu jicho moja moja, niliiweka mbali mpaka mikono ikatetemeka. Siafu wakawa wakubwa kidogo, basi.

Mvua za Aprili zilinikuta nimetolewa. Nilipewa fimbo, vidonge vyeupe vya asubuhi na vya njano vya jioni, na kadi ya kurudi kila Jumatatu. Mzungu wa kinu alinipa kazi ya kukaa chini kushona midomo ya magunia, maana juu sikuweza hata kutazama. Ilikuwa huruma, sikatai. Lakini nilikaa chini ya ngazi ile ile, mbele ya safu ile ile ya viatu, nikisikia miguu mitupu inapita juu ya kichwa changu siku nzima.

Jumamosi watu walianza kuja tena na barua zao. Wa kwanza nilimwambia kichwa kinaniuma leo. Wa pili nilimwambia miwani yangu iko njiani kutoka Nairobi. Wa tatu nilimfokea. Sikuwa mtu wa kufoka. Nilimfokea mpaka watoto wakatoka vyumbani kutazama, na baadaye nikakaa kitandani, nikitazama cheti changu kule juu ukutani, nisijue kimeandikwa nini. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Nilisikia wanacheka katika chumba cha kijana wa mizani, msomaji mpya. Mvua inapiga mabati, mimi nanoa kisu ambacho kimekwisha kunoleka.

Jumatatu ilikuwa benchi. Tulikaa ishirini na kitu, kila mtu ameshika kadi yake, tukisogea makalio kwa makalio kuelekea mlango mmoja. Daktari alinimulika machoni, akaniambia nitembee kwenye mstari, akauliza kama naona. Nikasema naona. Hakuuliza kama nasoma. Nani angemuuliza mshona magunia? Nami nilikuwa na ndimi mbili za kujisifu, ila sikuwa na hata nusu ya kusema hilo.

Barua ya tatu ilifika wakati wa baridi ya Julai. Nilipoikunjua nilishtuka. Haikuwa barua. Ilikuwa karatasi nzima na maneno mawili matatu tu, makubwa kama kwato za maksai, yamekandamizwa mpaka kalamu imetoboa. Nikajua: huyu sasa anapiga kelele. Mwanamke aliyeanza kwa kunong'ona kwenye mistari midogo, leo anapaza sauti. Amechoka. Ananiambia anarudi kwao. Nani angemlaumu? Ameahidiwa siku hiyo hiyo, naye anahesabu miezi, na mumewe yuko mjini ananona.

Na baada ya hiyo, hakuna. Agosti hakuna. Kila begi la posta lilipofika kinuni nilikuwa naacha sindano katikati ya gunia. Hakuna. Nilikuwa nimeogopa zile barua kuliko mtu anavyoogopa chui, na sasa niliogopa zaidi kwamba zimekwisha.

Jumapili moja mchana Mzee Kiprono alikuja chumbani kwangu bila kubisha hodi ya pili. Akakaa juu ya boksi la mbao, akatoa barua yake ya kutoka nyumbani.

"Nisomee."

"Kijana wa mizani si yupo?"

"Yuko. Amesoma." Akaigeuza karatasi mkononi. "Anasoma kavu. Tangu wewe uanguke, mama yangu hanisalimu hata mara moja. Anasema tu mvua imenyesha."

Nikainama. Nikasema, "Mzee, labda... labda mimi nilikuwa naongeza kidogo."

"Mama yangu nimemjua miaka hamsini. Huyo mama hawezi kusema maneno kama yale hata umlipe ng'ombe. Nilijua ni wewe. Nilikuwa nakuja kusikia wewe."

Sijui kama aliwahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Nilimtazama mtu huyu aliyeniambia nivue viatu, ambaye hajaniambia hata siku moja "nilikuambia," na ambaye tangu nianguke, nikiwa nashona magunia sakafuni, hajaacha kuniita karani. Nikavuta zile barua tatu kutoka chini ya mto, nikamwekea magotini.

"Siwezi kusoma, Mzee. Zinakimbia. Tangu siku ile. Hizi ni za mke wangu, sijui hata moja imesema nini."

Hakushangaa. Alizifungua moja moja akazitazama kwa makini, kama mtu anayekagua kwato za mbuzi. "Zinakimbia wapi?"

"Zinapandana. Nikitaka kushika moja, zinakuja zote."

Akafikiri. "Ukiwa juu ya Daraja, ukitazama pipa lote, kichwa inazunguka. Si ndiyo? Ndiyo maana mimi natazama kwa tundu."

Kweli, kila pipa lilikuwa na tundu dogo ubavuni, la kuchungulia ngano imefika wapi. Wageni waliotazama kutoka juu walipata kizunguzungu. Mzee Kiprono alitazama kwa tundu, jicho moja, ngano kidogo, basi.

Akachukua boksi la biskuti lililokuwa chini ya kitanda, akararua kipande, akatoa kisu changu kilichonolewa kuliko visu vyote vya mkoa huu, akatoboa mlango mdogo wa pembe nne, mkubwa kama ukucha wa kidole gumba. Akaweka kipande kile juu ya barua ya tatu, ile ya kelele. Boksi likafunika kila kitu. Katika tundu ikabaki herufi moja, peke yake, haina wa kumkimbilia.

Ikasimama.

Ilitetemeka, lakini ilisimama. Nilijua jina lake. Nilisema kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasogeza boksi. Ya pili. Nikasahau ya kwanza, nikarudi. Jasho lilinitoka kama nimebeba magunia arobaini kwa mara moja. Mzee Kiprono alikaa pale kando yangu juu ya boksi lake, akinikumbushia sauti nilizokwisha kusema, yeye asiyejua herufi, mpaka zikaungana. Zilikuwa kwa lugha ya kwetu. Kwa Kiswahili zingekuwa hivi:

NA HII JE?

Nikasema, "Sielewi. Na hii je, nini?"

"Soma zile zingine," akasema. "Jibu haiko mwisho wa barua, iko mwanzo."

Ya pili ilinichukua Jumapili mbili. Ilisema: "Labda ile ya kwanza haikusomeka. Nimeandika kubwa. Tumeambiwa umenona, tunashukuru Mungu. Hii inasomeka?"

Ya kwanza, yenye maandishi madogo, ilinichukua mwezi wa Septemba karibu wote, mstari kwa siku, mchana, mlango wazi, kabla ya kichwa kugonga. Naiweka hapa yote, maana sasa naijua kwa moyo:

"Baba Dina. Ni mimi naandika, si mwalimu wa kanisa. Nimeharibu karatasi nne. Dina ameng'oka jino la mbele. Mahindi ni kidogo. Ng'ombe hajapata mimba. Ulisema utajibu siku hiyo hiyo. Usipojibu nitajua mkono wangu hausomeki, na nitaacha, nisikusumbue."

Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaandika kubwa, na kubwa zaidi, akifikiri kosa ni la mkono wake. Miezi tisa mimi nilificha kwamba siwezi kusoma, na yeye kule anaamini kwamba hawezi kuandika. Nililia, na safari hii mabomba hayakuchanganyika, yalikuwa machozi yenyewe. Halafu nikacheka pia, kwa sababu ya ng'ombe.

Jua lilikuwa bado juu. Nikaomba karatasi kwa kijana wa mizani, na kumbe ni kijana mwema, alinipa mbili. Niliweka boksi juu ya karatasi na kuandika ndani ya tundu, herufi moja, nasogeza, herufi moja, nasogeza. Niliandika: "Zimesomeka. Zote tatu. Sijanona. Niliangukia kichwa, herufi zikanikimbia, leo nimezishika. Mkono wako ni mzuri. Njoo." Niliipeleka posta mwenyewe na fimbo yangu. Mbio zile, treni ya Kisumu ingeona haya. Mlango ulikuwa unafungwa. Nikaisukuma ndani kabla jua halijazama.

Alikuja mavuno yakiwa yanaanza tena, malori ya Mau Narok barabarani. Nilimwona akishuka behewa la daraja la tatu na kikapu kichwani na Dina mkononi, mwenye jino jipya. Alinitazama kutoka juu mpaka chini: fimbo, mguu unaoburuta, nywele zilizoota nyeupe juu ya kovu. Hakupiga mayowe kama nilivyoogopa. Alitua kikapu, akainua mkono, akapapasa kichwa changu, na kidole chake kikaingia bondeni kikakaa hapo.

"Na hawa kuku uliokuwa unakula?" akauliza.

"Hawakuwapo."

"Hm." Akatoa barua yangu kwenye kifua cha gauni. "Mwalimu, huu mwandiko ni wako, au ni hao kuku waliopita juu yake?"

Ndugu uliyeumia kichwa, hayo ndiyo niliyo nayo. Chukua boksi, toboa tundu. Mwambie daktari usichoweza, hata asipouliza. Usimtumie mtu salamu za uongo kwamba umenona. Na wewe ambaye hujaanguka bado, viatu vyako ni vizuri, tumeviona, viache chini ya ngazi.

Kusoma kumerudi nusu. Barua ndefu bado zinanishinda, kwa hiyo Jumamosi foleni imerudi mlangoni petu lakini msomaji ni Rasoa. Anasoma polepole na anasoma kavu, neno lililoandikwa, hazidishi hata koma. Mimi nakaa kando yake juu ya boksi. Juzi alikuja Mzee Kiprono na barua yake. Rasoa akaisoma, akaikunja: mvua imenyesha, mbuzi mmoja amekufa, basi.

Mzee hakuondoka. Akanigeukia.

"Karani. Ni hayo tu?"

"Hapana, Mzee," nikasema. "Mama anakusalimu mara mia mbili."